Nilipita nyumbani kwake nikitapika

Mama alipoifungua picha kwenye WhatsApp hakusalimia. Aliandika tu: "Huko nako mnalima mdalasini?"

Nilicheka, kisha nikaitazama picha upya nikaona ana haki. Kwenye kiganja changu kulikuwa na kipande cha gamba la mti, chembamba kama karatasi ya sigara, rangi ya shaba iliyosuguliwa kwa majivu, kimejiviringa pande zote mbili kama mdalasini unavyojiviringa ukianikwa. Sisi ni watu wa Amani, kule juu Muheza. Nyuma ya nyumba yetu kuna iliki, mikarafuu mitatu iliyozeeka, na midalasini ambayo baba alikuwa akiichuna mvua zikikolea, maana hapo gamba linaachia vizuri. Mama akiona gamba lililojikunja, hesabu yake inakwenda moja kwa moja kwenye kilo na bei.

Si mdalasini. Nililitafuna kidogo ili nimjibu kwa uhakika. Halina ladha, ni kama kutafuna bahasha. Na kabla hamjanisema: nililiokota chini, kwenye theluji. Sikubandua kitu.

Nililiokota Arnold Arboretum, bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Harvard hapa Boston. Ipo tangu 1872 na kuingia ni bure siku zote za mwaka, na hilo neno "bure" ndilo lililonipeleka mara ya kwanza. Natoka zamu ya usiku saa moja asubuhi. Nyumba ya wazee ninayofanyia kazi haiko mbali na Forest Hills, kituo cha mwisho cha treni, na nimegundua kwamba nikienda nyumbani moja kwa moja silali. Nalala nusu saa kisha naamka na sauti za kengele za wagonjwa kichwani. Nikitembea kwanza, usingizi unakuja wenyewe. Ndiyo hivyo, mfamasia mwenye shahada ya China anawabadilisha wazee nepi Marekani, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Ilikuwa Januari. Miti yote uchi, rangi ya majivu, huwezi kujua upi mzima upi umekufa. Nikapanda kilima cha Bussey huku mikono iko kwapani. Kando ya njia nikaona mti mmoja usio mrefu sana, ambao kwanza nilidhani umefungwa matambara. Nikasogea. Gamba lake lilikuwa linabanduka lenyewe, tabaka kwa tabaka, na vipande vilivyobanduka havikuanguka bali vimening'inia kila upande wa shina na matawi. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma yake, likapita ndani ya vile vipande, vikawaka rangi ya chai ya rangi kwenye glasi.

Mwenye mpera nyumbani kwake anajua ninachosema. Ule mpera mkubwa shina lake hubanduka magamba ya kahawia na chini yake huwa laini, baridi, lakupapasika. Sasa chukua mpera huo, ukoze rangi mara tano, halafu uache maganda yake yasidondoke. Nilivua glovu nikaupapasa. Kulikuwa na nyuzi joto kumi chini ya sifuri na bado nilivua glovu.

Miti ya pale inaning'inizwa vijibati vidogo vyenye jina, nambari na asili ya mti. Nikakigeuza kile kijibati nikasoma: Acer griseum. Acer nilishaijua, ni ukoo wa mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. (Kiswahili hakijaupa jina lake mwenyewe, hakuna aliyekuwa nao.) Nikaendelea kusoma. China. Hubei.

Hubei!

Nimekaa Hubei miaka mitano. Nilisoma Yichang, mji ulio kando ya mto Yangtze, pale mto unapotoka kwenye magenge na kutulia, jirani na lile bwawa kubwa la Magenge Matatu ambalo kila mgeni anapelekwa kupigia picha. Nikienda sokoni Yichang nilijua muuzaji gani anapunguza bei ya bamia na yupi anajifanya haelewi Kichina changu. Na mti huu sikuwahi kuuona, wala kuusikia.

Siku hiyo sikulala kabisa. Nilikaa jikoni na simu nikisoma.

Nyumbani kwa mti huu ni misitu ya mchanganyiko ya milimani katikati ya China: magharibi mwa Hubei, Sichuan, Chongqing, Hunan, Shaanxi, Henan, Shanxi, hadi Gansu. Unakaa kwenye mwinuko wa mita 1,500 hadi 2,000, yaani kuanzia juu kidogo ya Lushoto mjini na kuendelea. Majira yake ya joto ni ya mvua, na baridi yake ni ya theluji kweli, ndiyo maana Boston haiusumbui. Ukisikia orodha ndefu ya majimbo namna hiyo unadhani umejaa kama mikaratusi. Haujajaa. Unapatikana vikundi vidogo vidogo vilivyotupana mbali, mingine mmojammoja kwenye mteremko, na misitu uliyoizoea imekatwa sana kwa mbao, kuni na mashamba. Kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, umewekwa kundi la viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Nikafungua ramani nikafuata kwa kidole barabara kutoka Yichang kwenda kaskazini: Xingshan, mto Xiangxi, Muyu, kisha Shennongjia. Hapo nikanyamaza, maana barabara hiyo naijua. Naijua kwa tumbo.

Likizo ya Oktoba Mosi mwaka wangu wa tatu, tulikodi basi dogo wanafunzi kumi na saba, Watanzania, Wakenya, Mrundi mmoja na Wachina wawili waliokuja kwa ajili ya kututafsiria. Tunakwenda Shennongjia kuwaona nyani wa dhahabu, wale wenye nyuso za buluu na pua zilizofyekwa. Kilele cha pale kinapita mita 3,100, ndicho kirefu kuliko vyote katikati ya China. Barabara inapanda kwa kona. Sisi watu wa Amani tumezaliwa kwenye kona, basi la kutoka Muheza linajikunja vilevile, kwa hiyo nilijigamba kwamba mimi sitapiki. Kabla hatujafika Muyu nilikuwa nimejaza mfuko wa kwanza wa plastiki. Kutoka Muyu kupanda juu, nikajaza wa pili. Mrundi wa watu alinishikia kichwa, Mungu ambariki popote alipo.

Kumbukumbu yangu ya msitu wa Hubei ni hii basi: dirisha lenye ukungu, na nje rangi. Njano, kahawia, nyekundu inayokuja na kupotea kwenye mawingu. Wachina wawili walikuwa wanapiga kelele, "Hongye! Hongye!", majani mekundu, wakabandika simu kwenye kioo. Mepo huu kwenye vuli majani yake hugeuka mekundu na rangi ya chungwa. Mwinuko ulikuwa wenyewe, mwezi wenyewe, milima yenyewe ya magharibi mwa Hubei. Siapi kwamba mmoja wao ulikuwa kwenye ule mteremko. Lakini kama ulikuwepo, ulimwona mwanamke wa Kisambaa akipita mlangoni kwake kichwa kiko kwenye rambo.

Nilimwandikia mmoja wa wale Wachina wawili, bado tunawasiliana, sasa ana duka la dawa Yichang. Nikamtumia picha na jina la Kilatini. Akajibu baada ya dakika kumi kwa herufi tatu za Kichina: xuepi qi. Xue ni damu, pi ni ngozi. Mepo wa ngozi ya damu. Akaongeza: "Dada, mimi ni mtoto wa Hubei na sijawahi kuuona. Umeupatia wapi Marekani?"

Jina hilo nimelipenda kuliko la Kilatini. Griseum maana yake wa kijivu, na mtu unajiuliza aliyeutaja hivyo alikuwa anatazama wapi. Alikuwa anatazama majani makavu ndani ya kabati la makumbusho. Mgongo wa jani ndio wenye ukijivu. Na jani lenyewe, wala halifanani na lile la bendera ya Kanada. Ni vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, kama jani la maharage. Ukimwonyesha mama jani tu bila shina, atakwambia palilia hapo. Mjerumani Ferdinand Pax ndiye aliyeupa mti huu hadhi ya spishi inayojitegemea mwaka 1902, mwaka uleule ambao Wajerumani wenzake walifungua taasisi yao ya kilimo na mimea pale kwetu Amani.

Jina la pili kwenye kijibati lilikuwa Wilson, na tarehe 1907. Huyu ni Ernest Henry Wilson, Mwingereza. Mwaka 1899, akiwa na miaka 23, kampuni ya wauza miche iitwayo Veitch ilimtuma China kutafuta mti mmoja tu, Davidia, ule wenye maua kama leso nyeupe zilizotundikwa. Alipitia kwanza hapa hapa Boston, akakaa siku chache Arnold Arboretum kujifunza namna ya kusafirisha mbegu na mimea. Kisha akaenda hadi Yunnan kumtafuta Augustine Henry, Muairishi aliyekuwa ameuona mti huo miaka kadhaa nyuma. Henry akamchorea ramani. Wilson akaifuata, akafika mahali penyewe Aprili 1900, akakuta kisiki, na pembeni yake nyumba mpya iliyojengwa kwa mbao za mti huohuo. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu jikoni. Hiyo ingeweza kuwa Amani kabisa. Wewe unakuja na ramani kutoka Ulaya, mwenye shamba anahitaji paa.

Aliwapata Davidia wengine baadaye. Na kutoka safari hiyo, makao yake yakiwa Yichang, mwaka 1901 mbegu za mepo wa ngozi ya damu zikaenda Uingereza. Aliporudi Hubei 1907, safari hii kwa ajili ya Arnold Arboretum, ikaja miche miwili Boston. Nilichokuwa nakipapasa bila glovu ni mmoja wa hiyo. Una zaidi ya miaka mia na bado unavua shati.

Wilson alisafiri na wapagazi. Neno hili sisi hatuhitaji kufafanuliwa. Alikuwa na wenyeji waliojua mti gani unazaa mwezi gani, waliopanda, waliochuma, waliobeba. Mwaka 1910 maporomoko ya mawe yalimvunja mguu kule Sichuan, akapona lakini akachechemea maisha yote, na hiyo imeandikwa kila mahali. Waliombeba siku zote zile hadi kwa daktari, majina yao sijayakuta popote. Kwenye kijibati kuna nafasi ya jina moja la mtu. Huyu Wilson hata Kenya alifika, kwenye safari yake ndefu ya 1920 hadi 1922, akapiga picha za miti.

Sasa niwaambie kwa nini mambo haya yalinikaa rohoni zaidi ya inavyostahili. Kwenye duka kubwa la vyakula ninakonunua mchele, karibu na mlango wa kutokea, kuna meza ya vimaua kwenye vikopo. Dola saba. Majani manene yenye manyoya, maua ya zambarau. Kila ninapopita hapo nasalimia kimoyomoyo, maana hao ni ndugu zangu. Bibi aliwaita dughulushi. Wanaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, kando ya vijito vya Usambara, na tulipokuwa watoto tunakwenda kuteka maji tulikuwa tunawakanyaga. Mwaka 1892 Mjerumani mtawala wa huko, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwao, na 1893 mtaalamu Hermann Wendland wa Hannover akakipa kimmea jina la ukoo wa huyo baron, Saintpaulia. Leo kipo kwenye madirisha ya vibibi dunia nzima. Wazee ninaowahudumia, wanne wanacho vyumbani. Na kule kwetu msitu ukifyekwa juu ya kijito, jua linapiga mwamba, dughulushi wanakauka ndani ya msimu mmoja. Yapo makundi yao porini yaliyobaki kwenye mwamba mmoja au miwili.

Bibi mmoja chumba namba tisa alinifundisha kwa upole namna ya kumwagilia dughulushi: maji ya vuguvugu, kwa chini, usilowanishe jani. Nilimsikiliza hadi mwisho, nikasema asante.

Basi nikaamua kuotesha mepo. Sijui niseme nilitaka nini. Labda nilikuwa natafuta namna ya kuomba radhi kwa ile mifuko miwili ya plastiki.

Nikaagiza mbegu kwenye intaneti, arobaini kwenye kipakiti. Zikafika: kubwa, zenye mabawa mawili kama panga za feni, koko lake gumu lenye manyoya. Ndipo nikasoma zaidi, jambo ambalo mtu mwenye akili hulifanya kabla ya kulipa. Mti huu unatengeneza matunda hata bila kuchavushwa. Miti ya kiume na ya kike iko mbalimbali; mti wa kike uliopandwa peke yake bustanini utazaa vizuri tu, utapendeza, utajaza vikapu, na ndani hakuna kitu. Debe tupu. Kwenye mia unaweza kupata chache mno zenye kiini, na hata porini hali ni hiyohiyo pale miti iliyobaki ni michache na imeachana. Kwa wakulima wa miche ni mti wa kukatisha tamaa. Hii inayouzwa kwenye bustani za Ulaya na Marekani, mingi inatokana na chimbuko dogo sana la safari za Wilson. Ndiyo maana mwaka 2015 wataalamu wa bustani za miti za Marekani pamoja na mwenzao wa Beijing walifunga safari China mahsusi kwa ajili ya spishi hii moja, kuitafuta porini na kuchukua sampuli.

Nilikaa sakafuni na koleo la mume wa mwenye nyumba wangu. Nikapasua ya kwanza. Tupu. Ya pili, tupu. Koko lake si mchezo, lilinirukia chini ya friji mara mbili. Nilipofika ya kumi nikaacha, maana nilikuwa naua mbegu ili kujua kama ziko hai, hesabu ya kijinga. Nikabadili njia: nikazitia kwenye maji, zilizoelea nikazitupa, zilizozama nikazitunza. Njia hii si ya kuaminika sana kwa koko gumu kama hili, lakini ndiyo anayoitumia mama kwa mahindi, na mimi sina nyingine. Zikabaki kumi na moja.

Halafu kuna kusubiri. Hii mbegu haioti mwaka unaoipanda. Koko linahitaji muda wa kulainika, kisha kiini kinataka kipupwe chake. Kwa kawaida ni misimu miwili ya baridi, mingine mitatu. Nilimwambia mama kwa simu. Akakaa kimya kidogo.

"Miaka miwili," akasema. "Na ikiota inazaa nini?"

"Haizai kitu cha kula, mama. Inabanduka gamba."

"Mdalasini nao unabanduka, mwanangu, na unalipwa."

Nilimwomba kitu kimoja. Nikamwambia akipata kijana wa kumwamini, amtume kwenye kile kijito chini ya kwa marehemu bibi akanipigie picha za dughulushi, kama bado wapo. Baada ya wiki mbili zikaja picha tatu. Ya kwanza ni kidole cha mtu. Ya pili ni mwamba wenye majani ya manyoya, machache, upande wa kivuli tu, ua moja. Ya tatu ni huyo kijana mwenyewe ametabasamu, amekaa juu ya mwamba huohuo. Nikampigia mama haraka nikamwambia mwambie ainuke.

Mbegu zangu zipo kwenye friji, kwenye kopo la mtindi, ndani ya mchanga wenye unyevu. Zilikaa nje kwenye baraza majira yote ya joto, sasa ni msimu wao wa pili wa baridi. Jumapili nilizichungulia. Moja koko lake limepata ufa mwembamba kama unywele, lakini inaweza kuwa ni ile niliyoibana kwa koleo nikaghairi. Nimezifunika. Mkongo ninayeishi naye, ambaye mwezi uliopita alichota kijiko akidhani ni mtindi, ameandika juu ya kopo kwa kalamu nyekundu, kwa Kiswahili cha Bukavu, HII HAPANA CHAKULA, na chini yake amechora mti.